Kabari Isiyokauka

Alhamisi ile ilianza vizuri tu. Kitsa alifagia ua, akanyunyizia maji sakafu ya chumba cha makumbusho ili vumbi litulie, akafungua madirisha yote mawili, kisha akaketi kizingitini na kikombe chake cha chai. Asubuhi za Butembo ni za baridi, na ukungu ulikuwa bado umekalia mabati ya majirani pale mtaani Kimemi. Wanawake walipita na mizigo ya vitunguu mgongoni, wakamsalimu kwa heshima, "Wabukire, Papa Kitsa." Akawaitikia mmoja mmoja. Watu walimheshimu mno, na heshima yao ndiyo iliyokuwa ikimla.

Usidhani makumbusho yenyewe yalikuwa jumba. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba ya Mwalimu Adèle, bibi mstaafu aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Ilikuwa mwaka wa 2002, waasi ndio waliotawala, na kila redio ilitaja waliouawa kwa risasi. Mwalimu aliwaonea huruma wale wengine, waliozama na mitumbwi, walioangukiwa na kuta, waliopinduka na malori. Akaanza kukusanya vitu vyao: kiatu kimoja cha mtoto, saa iliyosimama, sufuria iliyobonyea, rozari iliyokatika.

"Bale ba vita beko na batu ba kubahesabu," alizoea kusema. "Na hawa ba accident, nani atabakumbuka?"

Alikuwa na utaratibu wake, wala hakuubadilisha kwa mtu yeyote. Kila kitu kiliandikiwa kadi: nini kilitokea, lini, na kosa lilikuwa la nani. Kisha familia iliitwa, kadi ikasomwa kwa sauti, kitu kikapitishwa mkono kwa mkono, na mwishoni mkubwa wa familia akasema, "Ni vile." Hapo ndipo kadi ilipopigiliwa msumari ukutani. Familia ikikataa, kadi ilirudi mezani ikasubiri.

Ajali iliyoua wengi zaidi ilikuwa ya lori lililorudi kinyumenyume kwenye mlima wa Kipese, Novemba ya 1998. Watu kumi na tisa walikufa. Familia kumi na nane zilikwisha kusema ni vile. Ilibaki moja, ya dereva Jéthro, kwa sababu kadi ilisema kwamba Jéthro alikuwa amelewa pombe ya kasiksi akaachia breki. Mjane wake, Kavugho, aliitwa mara nne, na mara nne akakataa kuja. Juzi alituma ujumbe kwamba Alhamisi atakuja.

Maneno ya kadi ile yalitoka kinywani mwa Kitsa. Yeye ndiye aliyekuwa convoyeur, yaani utingo, wa lori lile, na ndiye peke yake aliyetoka bila hata mchubuko. Mwalimu alimpa kazi ya kutunza chumba kwa sababu hiyo. Alisema aliyeponea ajali atawatunza vizuri wasioponea.

Kwenye barabara zile za milimani convoyeur huning'inia nyuma ya lori na kabari mkononi, gogo zito lililochongwa upande mmoja. Huko wanaliita cale. Injini ikizimika mlimani, dereva hupiga kelele, convoyeur huruka na kuitia kabari nyuma ya gurudumu. Asipoitia, lori lote linarudi bondeni na kila aliyemo.

Siku ile injini ilizimika. Jéthro akapiga kelele, "Cale, Kitsa! Cale!" Kitsa akaruka chini, kabari mikononi, na papo hapo ukasikika mlio. Paa! Wiki ileile wanajeshi walikuwa wamelifyatulia lori jingine risasi kwenye kona ileile. Kitsa hakufikiri. Alikimbia mpaka kwenye mikaratusi, akalala kifudifudi, kabari ameikumbatia kifuani. Aliposikia vilio aliinua kichwa, na barabara ilikuwa tupu.

Hapakuwa na mwanajeshi hata mmoja. Ilikuwa tairi iliyopasuka.

Watu walipofika alikuwa ameshaitupa kabari vichakani. Walipomuuliza, alisema aliitia vizuri, ila dereva alikuwa amelewa. Jéthro hakuwapo wa kubisha. Tangu hapo Kavugho akawa mke wa mlevi aliyeua watu. Sokoni walimpita wakaenda kununua maharage kwa jirani yake. Siku ya mazishi alimshika Kitsa mkono akamuuliza kama mume wake alisema neno lolote la mwisho. Kitsa akajibu, "Hapana, mama." Kavugho akamshukuru kwa Kinande, "Wasingya." Neno lile la asante halikumtoka Kitsa masikioni miaka yote minne.

Alikuwa na kitu kimoja tu cha kujifariji. Lori lilikuwa zito, viazi na kabichi na watu. Pengine hata angeitia, kabari isingeshika. Alijiambia hivyo kila akilala, na siku nyingine ilitosha kumletea usingizi.

Wiki tatu kabla ya Alhamisi ile, mkulima mmoja wa Kipese aliyekuwa akichimba mfereji alileta gogo. Mwalimu alifurahi sana. Kitsa aliligeuza, akaona alama ya msalaba aliyoichonga mwenyewe kwa kisu. Gogo lilikuwa limeloa, na maji yaliyodondoka yalikuwa mekundu, rangi ya udongo wa mlimani.

Akalianika juani. Jioni lilikuwa bado limeloa.

Siku ya tatu alifungua kufuli asubuhi, akasukuma mlango, ukagoma. Akapitia dirishani. Ndani hapakuwa na mtu, ila kabari haikuwa rafuni. Ilikuwa imesukumizwa chini ya mlango, upande wenye makali ukiwa umeingia sawasawa. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwake.

Akairudisha rafuni. Wiki iliyofuata aliikuta uani, nyuma ya gurudumu la tshukudu, baiskeli ya mbao aliyobebea kuni. Akairudisha. Jumatatu aliamka nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka pale, akataka kutoka nje, na mlango ukagoma. Hakuhitaji kuinama kutazama. Maji mekundu yalikuwa yameshafika kwenye vidole vya miguu yake.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na angeanzia wapi?

Basi Alhamisi, saa tisa za mchana, mvua ikiwa imeanza, Kavugho akaja. Alivaa liputa, kitenge cheusi kilichopauka, akaketi kwenye benchi, mikono mapajani. Alikuwa amekonda. Kitsa aliweka kabari mezani mbele yake, akarudi ukutani.

"Mwalimu, minakuya kusema ni vile," Kavugho alisema kwa sauti ya chini. "Nimechoka. Mutoto wangu banamucheka ku masomo, banasema mama yake iko nabisha batu bote. Mais bwana yangu hakukunywaka, hata siku moya. Lakini musome tu. Nitakubali."

Mwalimu Adèle alimwinamia. "Kama haiko vile, usikubali, Mama Kavugho."

"Mutu ule alikuwa pale," Kavugho alisema, akimwonyesha Kitsa kwa kidevu. "Miye sikukuwa."

Kitsa alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke huyu alikuja kumzika mume wake mara ya pili, na udongo wa kumfukia aliutoa Kitsa. Neno moja tu lingemzuia. Alifungua kinywa. Badala yake mkono wake ukachukua kadi.

"Tarehe kumi na mbili Novemba," alisoma, "kwenye mlima wa Kipese..."

Tone likadondoka kutoka kwenye kabari. Kisha jingine.

"...lori lililobeba abiria na mazao..."

Kiatu cha mtoto kilisogea. Kitsa alikiona kwa pembe ya jicho. Kilisogea kidogo tu kuelekea ukuta wa nyuma, upande wa bondeni. Saa ikakifuata. Sufuria ikajikokota juu ya ubao taratibu. Kila kitu rafuni kilikuwa kinarudi nyuma. Wanawake wale wawili walikuwa wanamtazama yeye, hawakuona.

Akasikia harufu ya kabichi mbichi. Harufu ya breki zilizoungua.

"Endelea, Papa Kitsa," Mwalimu alisema.

"...dereva, Jéthro, alikuwa..."

"Cale."

Sauti ilikuwa nyuma ya sikio lake. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

"Cale, Kitsa."

Sakafu ikainama.

Paa!

Hakujua mikono yake ilifanya nini. Alijikuta nje, mvuani, anakimbia. Alipita ua, akapita tshukudu, akaruka mfereji, akafika kwenye mikaratusi ya jirani na kujitupa kwenye matope. Akalala pale akihema, akingoja vilio.

Hakuna aliyelia. Mvua tu ilikuwa ikipiga mabati.

Aliinua kichwa. Mwalimu na Kavugho walikuwa wamesimama mlangoni wanamtazama.

"Papa Kitsa!" Mwalimu aliita. "Unakimbia nini?"

"Hamukusikia risasi?"

"Risasi gani? Hakuna kitu."

Kavugho hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama kifua chake. Kitsa akainamisha macho, akaona kabari, ameikumbatia kwa mikono miwili, kama mama anavyomkinga mtoto na mvua.

Kavugho akatoka mvuani. Alikuja polepole, bila kujifunika, mpaka akasimama juu yake.

"Njo vile ulikimbiaka," alinong'ona.

Haikuwa swali; alikuwa ameona jinsi Kitsa alivyokimbia siku ile. Kitsa alijaribu kusimama, akateleza, akabaki palepale kwenye matope, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu mwenye kuheshimiwa na mtaa mzima. Aibu ilimpanda hadi kwenye mizizi ya nywele.

"Njo vile, mama," alisema. "Nilisikia tairi, nikazani ni basoda banapiga risasi. Nilikimbia na cale mu mikono. Jéthro hakukunywa. Miye njo nilibaua."

Maji yalimtiririka Kavugho usoni, na haikujulikana yapi ni ya mvua.

"Siku ya mazishi nilikuulizaka kama alisema kitu."

"Alisema."

"Alisema nini?"

"Cale, Kitsa. Cale."

"Na sauti ya mulevi?"

"Hapana, mama. Sauti ya mutu mwenye akili yake yote."

Kavugho akaitikia kwa kichwa. Kitsa alingoja ampige, na moyoni aliomba ampige. Kavugho alijifunga liputa vizuri tu, kisha akasema, "Dimanche, mu kanisa, utasimama na kusema ile mbele ya batu bote. Kisha usinisalimie tena ku soko."

Mwalimu Adèle aliichana kadi ya zamani mwenyewe, kwa kuwa na yeye alikuwa ameamini na kuandika. Aliandika mpya papo hapo, akaisoma kwa sauti. Kavugho aliichukua kabari, akaishika mapajani kidogo, akairudisha mezani.

"Ni vile," alisema. Akaenda zake.

Jumapili Kitsa alisimama mbele ya watu akasema yote. Hakuna aliyemzomea. Walimtazama tu, na walipotoka walimpisha njia pana kuliko alivyohitaji. Alikwenda moja kwa moja makumbushoni, akaitoa kabari rafuni, bado imeloa, akaiweka sakafuni katikati ya chumba, makali yakitazama mlango. Alikuwa amechelewa miaka minne, lakini ndivyo ilivyotakiwa kuwekwa. Akafunga kufuli na kwenda kulala.

Jumatatu asubuhi mlango ulifunguka bila shida. Ukungu ulikuwa juu ya mabati kama kawaida. Kitsa aliingia na fagio, akasimama.

Sakafuni palikuwa na alama za magurudumu. Udongo mwekundu, mbichi, wa Kipese. Alama zilikuwa pana, za matairi pacha ya nyuma ya lori, njia mbili zilizoachana zaidi ya upana wa mlango ule. Njia moja ilipita kizingitini. Nyingine ilianzia chini ya ukuta wa matofali, na ukuta haukuwa na hata ufa.

Alizifuata kwa macho. Hatua moja. Mbili. Tatu.

Zilikomea kwenye kabari.

Alipiga magoti, akaigusa. Ilikuwa kavu, kavu kabisa, hata ilikuwa imeanza kupasuka vipasuko vidogo vya mti uliokaa juani siku nyingi. Kwenye makali, tairi lilikuwa limebonyeza meno yake ndani ya mti, na zito sana lilikuwa lile lililobonyeza. Gogo halikuwa limeteleza hata upana wa ukucha.

Kabari ilikuwa imeshika.

Mwalimu Adèle alimkuta pale saa mbili, fagio liko kando, amejifunika uso kwa mikono. Alidhani ni woga. Kitsa alitikisa kichwa, akaonyesha sakafuni.

"Ingelishika, Mwalimu," alisema. "Ile siku, ingelishika."