Mlinzi wa Manifoldi

Mambo yaliharibika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei, siku ambayo Persis aliketishwa kwenye kigoda katika gereji ya sokoni Nyaramba ili alinde chuma.

Asubuhi ile ilianza kama nyingine. Alichuma majani chai pamoja na baba yake, wakayapeleka kituoni, wakanywa uji. Kisha pikapu kuukuu ya Mzee Nyangau ikaanza kunguruma kama fahali mwenye kikohozi, wakaipeleka gereji. Fundi Ratemo alifungua boneti akawaonyesha manifoldi, kile chuma kizito kinachopokea moshi wa injini na kuupeleka kwenye eksozi. Kilikuwa na ufa.

"Nitakichomelea, mzee wangu," alisema Ratemo. "Usishawishike na yale mabomba mapya yanayong'aa. Ni mepesi, yanafaa magari ya mbio. Huku kwetu, maji ya madimbwi yakirukia bomba jembamba lenye moto, linapasuka. Injini ya zamani inataka chuma chake cha zamani."

Nyangau alimkazia macho. Tangu mkewe afariki hospitalini akimsubiri daktari aliyeitwa mkutanoni, hakumwamini mtu yeyote, awe na cheo au awe na spana.

"Fundi anayekataa kuweka kitu kipya ana lake jambo," alimnong'oneza binti yake. "Huyu anakitaka chuma changu. Wote ni wale wale: waheshimiwa, kamati ya majani, na huyu."

Basi akaagiza mabomba kutoka Kisii mjini. Yalipofika mchana, akaamuru yafungwe, na manifoldi ya zamani iwekwe chini mbele ya Persis.

"Ukipepesa jicho tu, kitaliwa," alimwonya.

"Mzee, chuma hakiliwi," Ratemo alicheka, akijisukuma chini ya gari. "Hata kwa ugali wa wimbi!"

Nyangau hakucheka. Aliondoka kwenda kwenye mkutano wa kamati ya majani, ambako alikuwa na maneno yake ya kuwaambia wakubwa.

Persis alikaa, akakaa. Jua lilipoanza kuinama, bendi ya vijana wa kanisa ikapita barabarani ikipiga ngoma. Akasimama, akasogea kidogo, halafu kidogo tena, mpaka kando ya barabara. Aliporudi, manifoldi haikuwapo.

Baba yake alifika muda si mrefu. "Chuma kiko wapi? Nani amekichukua?"

Persis alikitazama kigoda kitupu. "Ni fundi, Tata. Nilimwona akikipeleka nyuma."

Ratemo alitambaa kutoka chini ya gari, uso wote mafuta. "Mimi? Kwa mikono ipi, omogaka, mzee wangu? Si nipo hapa chini ya gari lako?"

Lakini soko zima lilikuwa limeshasikia. Tangu siku ile, magari yakaacha kuingia gereji yake. Siku moja Persis alipita akamkuta akichuma majani chai kama kibarua katika shamba la watu.

Mvua ya Juni haikuwa imekwisha mabomba yalipopasuka. Asubuhi moja, kwenye barabara ya Gesima, ile inayoahidiwa lami kila uchaguzi, moshi ulijaa ndani ya pikapu. Persis alitapika. Baba yake alishikwa na kizunguzungu, gari likaingia kwenye michai.

"Yule mwizi aliyafunga vibaya, angetuua!" Nyangau alifoka, wakiwa wameketi nyasini wakivuta hewa. "Kesho nampeleka kwa chifu. Gereji ifungwe!"

"Tata," Persis alisema akilia, "mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimekwenda kutazama ngoma."

Nyangau alimgeukia.

"Sasa kwa nini ulimtaja yeye?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa umeshamtaja."

Siku ya soko, baba na binti walisimama mbele ya gereji, pikapu ikiwa imevutwa hadi hapo. Nyangau alivua kofia, akasema kwa sauti watu wasikie: "Ratemo hakuiba. Tulimsingizia, mimi na mwanangu." Ratemo alikuna ndevu, kisha akaingia ndani kuchukua spana. Katika pikapu mbovu iliyoletwa nyuma ya gereji kutoka Nyamache alipata manifoldi ya zamani iliyo nzima, akaifunga. Injini ikatulia, moshi ukatoka nyuma unakostahili.

"Mwanangu," Ratemo alimwambia Persis, "ukiulizwa usichokiona, sema hukukiona. Hakuna aibu hapo. Na wewe mzee, ushauri uupime kwa kazi, si kwa hofu. Moshi wa eksozi haujui nani alimshuku nani."

Nyangau alivaa kofia yake. Watu wakaanza kutawanyika.

"Ngojeni kwanza," alisema Mama Nyanchoka, muuza ndizi wa hapo jirani. "Kama si Ratemo, ni nani?"

Nyangau, ambaye siku zote jina la mkosaji humtoka kabla ya swali kuisha, safari hii hakutaja mtu. Kile chuma hakifichiki kwapani. Kilipitaje siku ile katikati ya soko mchana kweupe, na wote hawa wakiwa papa hapa?