Fungu la Kumi na Mbili

Juma lililopita kijana mmoja wa kanisani kwetu, hapa Butembo, alikuja kuniuliza dawa ya majani sugu. Amejenga nyumba nzuri, amepanda gazon, nyasi fupi za mapambo, mbele yake, na sasa yameingia yale majani yenye mizizi mirefu myeupe ambayo watu wa kilimo huyaita chiendent. Nilimpa ninachokijua. Usiyakate kwa jembe, maana kila kipande cha mzizi kitaota upya. Subiri udongo uwe na unyevu, chimba kwa uma wa shamba, vuta polepole, kung'uta, kisha anika mizizi juu ya jiwe mpaka ikauke kabisa. Pale palipobaki wazi panda viazi vitamu. Kijana akashukuru, akaniuliza mbona mimi, mwalimu mstaafu mwenye kiwanja kikubwa, mbele ya nyumba yangu kuna udongo mtupu na mawe. Nilimwambia aende kwake, mvua inakuja.

Hakukuwa na mvua. Sikutaka tu kumjibu, kwa sababu jibu lenyewe linaanzia kwa dada yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwamo.

Ilikuwa Agosti ya 1964. Shule zilikuwa zimefungwa, na dada yangu Mariette aliniandikia kutoka Beni kwamba anaumwa, nije nimsaidie na mtoto. Nilishuka kwa lori la viazi na makabichi. Ndani ya lori habari ilikuwa moja tu: waasi wameshika Stanleyville, waasi watakuja kwa njia ya Mambasa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshika kikapu cha mayai, na hofu yangu kubwa ilikuwa mayai kuvunjika.

Mariette aliolewa na Valère, mtu wa jimbo la Équateur, Mkatoliki, mfanyakazi wa serikali. Sisi Waprotestanti wa Vuhovi tulinung'unika, lakini nitamtendea haki: alimpenda dada yangu. Alikuwa msaidizi wa kilimo tu, kisha wazungu wakaondoka mwaka wa 1960, na kwa juma moja akawa agronome, bwana shamba mkuu mwenye muhuri wa cachet, baiskeli ya serikali na nyumba ya bosi wake. Nyumba hiyo ilikuwa na gazon iliyotandaa mpaka barabarani.

Ningekuwa na akili ningeshangaa siku ileile. Tangu uhuru majani yalikuwa yamemeza Beni: posta, tribunali, hata njia ya kwenda misheni. Gazon ya Valère peke yake ilikuwa safi. Hapakuwa na jani moja geni.

«Nani anafanya ile kazi?» nilimwuliza.

«Tata Zorobabel alikuwa anafanya, mais alichoka. Bonane ile tulipitisha, ku mwaka mupya, nilimufuta mu registre ya batumishi, arudie kwabo Vuhovi.» Akacheka. «Balafiki baliniuliza, sasa nani atang'oa majani? Njo naandika bibi yangu, yaya yako, pa nafasi yake. Tulicheka sana, semeki!» Ndivyo alivyoniita, shemeji kwa Kilingala.

«Donc nani anang'oa?»

Akainua mabega. Alikuwa mtu wa ofisi. Kazi ikifanyika bila malalamiko, haulizi.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea dada yangu chai kitandani. Alificha mikono chini ya shuka. Niliivuta. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mbichi, na viganja vilikuwa vimekuwa vigumu na vya njano, vimepasuka kama kisigino. Magoti pia yalikuwa na udongo. Miguu ilikuwa safi. Shuka lilikuwa safi.

«Tangu lini, yaya?» nilimwuliza dada yangu.

«Tangu Janvier,» alininong'oneza. «Valère anafunga mulango, analalia funguo. Mi hapana toka. Lakini naamuka hivi. Mudogo yangu, nimechoka. Nimechoka sana.»

Alikuwa amebaki mifupa. Dispensari walimpa vidonge vya damu. Nilimwosha mikono kwa maji ya moto na sabuni, nikatoka nje kumwaga beseni, na hapo ndipo nilipoyaona mafungu.

Yalipangwa pembeni ya njia, mstari mmoja. Mafungu ya majani yaliyong'olewa usiku huo, mizizi ikielekea nyumba, myeupe, mizima, hakuna hata mmoja uliokatika. Nilihesabu kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa na mizizi iliyovunjika, na juu ya mizizi hiyo kulikuwa na damu.

Niliandika barua kwa shemasi wa Vuhovi, kwamba Zorobabel aje. Alikuja baada ya siku tatu, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, amefika asubuhi kabla hatujafagia. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya mafungu, akavua kofia, akaanza kuyasalimia kwa Kinande, moja baada ya jingine.

«Wavukire, Siméon. Wavukire, Paulin. Wavukire, Ananie.»

Alifika la kumi na moja. La kumi na mbili hakulisalimia. Aligeuka akamtazama dada yangu aliyekuwa ameegemea mlango, na machozi yakamtoka.

Aliyotueleza, alipokubali hatimaye kuingia sebuleni, ni haya. Mzungu aliyejenga nyumba ile watu walimwita Bwana Mizizi. Alikuwa na wafanyakazi kumi na wawili kwa ajili ya gazon tu. Walipiga magoti kwa mstari, na kila jani lililong'olewa lilipaswa kuonyeshwa mzizi wake mzima. Ukikatika, unaanza upya. Majani hayakuisha. Basi akaleta madebe ya unga mweupe, dawa ya kuua mizizi, wakauchanganya na kuunyunyiza kwa mikono mitupu. Zorobabel aliachwa kwenye kung'oa. Wale kumi na mmoja viganja vyao vikawa vigumu na vya njano, wakatapika, wakafa mmoja mmoja ndani ya miaka miwili.

«Hakubafuta mu registre,» Zorobabel alisema. «Kila asubuyi anaita majina yote kumi na mbili. Miye peke naitika. Anasema, kazi haiyaisha, mutu hapana toka. Na kisha kidogo, Madame, nikaanza kusikia bale bamekufa banaitika.»

Valère alifungua mtoto wa meza akatoa registre. Daftari jeusi, mistari kumi na miwili yenye nambari. Majina kumi na moja kwa mwandiko wa mzungu, hayajaguswa. Kwenye mstari wa mwisho Zorobabel amefutwa, na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwenye furaha ya sikukuu: *Madame Mariette.* Chini yake sahihi ya Valère, na cachet ya serikali.

Shemeji yangu alikaa chini. Sijaona mtu akizeeka upesi namna ile.

«Mufute,» mzee alimwambia. «Andika miye. Laini ya kumi na mbili hapana baki wazi hata kidogo. Weye ulisaini, njo weye unaweza kufuta.»

«Tata, utakufa,» nilisema.

«Miye muzee. Ile kazi naijua. Na bale balafiki banajua miye.»

Valère alichukua kalamu akalifuta jina la mke wake. Mistari miwili, imenyooka. Mariette akatoa pumzi ndefu, akateleza pale mlangoni mpaka chini. Niliposhika mikono yake viganja vilikuwa laini. Vimekuwa laini ndani ya mikono yangu, nikaona kwa macho yangu, nikalia kwa furaha.

Sasa hapa ndipo ninapokosa usingizi. Laiti angeandika tu. Kalamu ilikuwa mkononi. Wino ulikuwepo. Lakini Valère alikuwa mtu wa serikali mpaka kwenye mfupa, na alikuwa anaogopa kukosea mara ya pili.

«Rature, kufuta hivi, bila cachet haina maana,» alisema. «Cachet iko ku bureau. Dakika tano. Hapana gusa kitu.»

Akapanda baiskeli akaondoka.

Mimi nilimbeba dada yangu mpaka kitandani. Zorobabel alitoka kwenda kusimama kwenye gazon, kuwaaga wenzake au kuwaambia anarudi, sijui. Registre ilibaki mezani, wazi, na kalamu juu yake.

Kulikuwa na mtoto katika nyumba ile. Delphine, miaka sita, binti yao wa pekee. Jioni zile zote nilikuwa ninamfundisha herufi, na alikuwa amejua kuandika jina lake. Aliliandika kwa makaa ukutani, kwa kijiti mchangani, kwa kidole kwenye unga wa mihogo. Nami, mwalimu, nilikuwa nimemfundisha kama tulivyowafundisha watoto wote wa darasa la kwanza wanapopewa daftari. Ukiona mstari mtupu, andika jina lako, safi, bila kutoka nje.

Nilisikia risasi upande wa ofisi. Kisha nyingine. Nilikimbilia sebuleni. Delphine alikuwa amesimama juu ya kiti, kalamu mkononi, ulimi nje kwa bidii.

«Mama mudogo, angalia. Laini ilikuwa mutupu.»

Nikasema, «Vizuri.»

Nilisema vizuri kabla sijasoma. Ni mazoea ya mwalimu. Mtoto akikuonyesha kazi yake unasema vizuri. Kisha nikasoma. *Delphine.* D yenye tumbo kubwa, kama nilivyomfundisha, juu ya sahihi ya baba yake na cachet ileile.

Valère hakurudi. Watu walimwona akipandishwa kwenye lori la waasi pamoja na makarani wengine. Hatukupata mwili. Kufikia mchana hakukuwa na ofisi, hakukuwa na cachet, hakukuwa na mtu hata mmoja Beni aliyeitwa serikali.

Nililifuta jina la mtoto. Nikaandika langu. Zorobabel akapaka kidole masizi ya sufuria, akakibonyeza juu ya mstari mara tatu. Tulikaa tunalitazama daftari mpaka kulipokucha. Wino wetu ulikuwa umeondoka. Masizi yameondoka. Jina la Delphine lilikuwepo.

Tuliichoma registre jikoni. Iliungua yote.

Asubuhi hiyohiyo Delphine alikuja kula. Mariette, aliyekuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari, alimwambia aonyeshe mikono kabla ya kugusa chakula. Mtoto akaionyesha. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mbichi. Dada yangu alinigeukia akanitazama.

Tulikimbia kwa miguu kuelekea Butembo, tukipita mashambani, Zorobabel akimbeba mtoto mgongoni. Tulilala popote. Kila asubuhi mikono yake ilikuwa na udongo, na katikati ya vidole kulikuwa na nyasi fupi za gazon. Nilimfunga mikono kwa kitenge. Kitenge kilibaki na fundo lake. Udongo ulikuwa ndani.

Mwanzoni hakuogopa. Hilo linaniuma kuliko yote.

«Bale batata ni bazuri,» alininong'oneza njiani, akimaanisha wale wazee wa usiku. «Tata Siméon ananifundisha. Anasema vuta polepole, muzizi hapana katika.»

Tulikwenda kwa mchungaji, akaomba. Tulikwenda kwa mwanamke wa Lubero ambaye Wakristo hawakiri kwamba humwendea. Alimshika mtoto mikono, akatuuliza nani alisaini. Tulipomwambia amechukuliwa, akarudisha kuku wetu.

Oktoba viganja vikawa vya njano. Novemba Delphine hakuweza kushika kijiko. Siku ya mwisho aliniuliza kama akimaliza ile gazon watamruhusu kulala. Nilimdanganya. Nilimwambia imebaki kidogo.

Tulimzika Vuhovi. Zorobabel alichimba kaburi yeye mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine kushika jembe. Alikufa mwaka uliofuata, akiwa na mikono laini, analalamika kwamba hawamwiti. Mariette aliishi miaka mingi. Alinipikia, alinishonea, alikaa nami benchi moja kanisani. Jina la binti yake hakulitaja mbele yangu mpaka anaingia kaburini, na mimi sikuwahi kumwomba msamaha. Ningeanzia wapi?

Nimestaafu, sina mtoto. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Pasaka, watu huenda kusafisha makaburi ya watu wao. Mimi pia huenda Vuhovi, na uma wangu, na jembe langu, na kila mwaka ninavirudisha bila kuvitumia. Makaburi mengine yamefunikwa na majani mpaka kiunoni. La Delphine ni safi. Halijaota jani tangu tumzike. Ukingoni kuna fungu dogo, la kutosha mkono wa mtoto, mizizi myeupe, mizima, bado ina unyevu.

Kila mwaka ninapiga magoti pale, ninachora mstari kwenye udongo, ninaandika jina langu juu yake. Rébecca. Ninaliandika vizuri, bila kutoka nje. Kisha ninazunguka kaburi mara moja, polepole, kwa sababu nyonga zangu hazifai tena, na ninarudi kuangalia.

Mwaka huu pia nilirudi nikaangalia. Mstari ulikuwa palepale. Jina langu halikuwepo. Juu ya mstari, kwa udongo mbichi, kulikuwa na D yenye tumbo kubwa, na herufi nyingine zote zikiifuata, safi kabisa.