Kipimo cha Kivuli

Jua lilikuwa limekaribia kugusa bahari nilipochukua ufunguo wa lango na kuanza kupanda ngomeni.

Haikuwa kazi yangu. Kufunga lango ni kazi ya Rinio, binti wa kaka yangu, anayewatembeza wageni kule juu tangu amalize chuo na kukataa kuhamia Athene kama wenzake. Lakini jioni ile alichelewa. Wageni wa mwisho, mume na mke kutoka nchi za baridi, walikuwa wameshateremka na kuketi mkahawani kwangu, nyuso nyekundu kwa jua. Nikawauliza kwa ishara, msichana yuko wapi? Mke akacheka. Akanyoosha mikono miwili kama mtu anayevuta uzi, halafu akaigiza mtu anayepanga mawe.

Alimaanisha kwamba fundi anampima.

Kahawa niliyokuwa nikimmiminia ikamwagika mezani. Siku ile hapakuwa na fundi ngomeni.

Mwashi wa pale ni kaka yangu mwenyewe, Thrasos, baba yake Rinio. Tetemeko liliangusha mnara wa upande wa bahari, serikali ikaleta mhandisi kutoka mjini ausimamishe. Siku ya kuweka jiwe la pembe, Thrasos alipanda na jogoo, kama baba yetu alivyofanya, na babu kabla yake. Unamchinja palepale, damu ichuruzike juu ya jiwe, ndipo ukuta unatulia. Mhandisi akasema hii ni kazi ya serikali, si machinjio. Thrasos ni mpole kupita kiasi. Aliteremka, akaniletea jogoo wake, nikampika kwa divai na tambi. Tulimla sote, na aliyelamba vidole ni mhandisi.

Haikupita wiki ukuta ukaanguka. Wakaujenga, ukaanguka. Asubuhi ya siku ninayoisimulia ulianguka tena, mafundi wakafungasha vyombo vyao wakaondoka bila hata kuaga. Thrasos naye akateremka mjini kutafuta chokaa nyingine, utadhani ubaya ulikuwa kwenye chokaa.

Huku kwetu Mani, kusini mwa Ugiriki, kila mzee anajua kwamba ukuta ulionyimwa damu hujitafutia wenyewe. Anakuja mtu na uzi. Anapima kivuli cha aliye karibu, anaufukia uzi ukutani, na ukuta unasimama. Mwenye kivuli huanza kunyauka. Hazipiti siku arobaini kabla hajazikwa. Vijana wakisikia haya hucheka, na mimi nilikuwa nikicheka nao, kwa sababu ni rahisi kuwa jasiri ukiwa na bilauri ya divai mkononi.

Nilipanda mbio. Magoti yangu si ya kupanda mbio.

Kengele za mbuzi zilikuwa zinalia bondeni kama kila jioni. Nilipopita kanisa bovu, zikanyamaza. Zote kwa pamoja...

Halafu nikasikia harufu. Chokaa mbichi, mbichi kabisa, na nyuma yake harufu ya pango lililofungwa miaka mingi.

Halafu sauti. Mwiko juu ya jiwe.

Kwaruu... kwaruu...

Nilipoingia uani nilimwona Rinio amesimama wima, mgongo umeelekea jua, anatabasamu. Kivuli chake kilikuwa kimelala kirefu kwenye nyasi mpaka kwenye pembe ya mnara. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti kandokando yake, anatandaza uzi wa sufu kuanzia kisigino, taratibu, kuelekea kichwani. Alivaa aproni ya ngozi ya kizamani, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko. Simjui. Na hapa kijijini hakuna mtu nisiyemjua, hata nisiotaka kuwajua nawajua.

"Shangazi, njoo uone," Rinio akasema. "Mzee anatafuta urefu wa mnara wa zamani kwa kutumia kivuli changu. Ni hesabu zilezile za shuleni."

"Toka hapo."

"Anamalizia tu..."

"Rinio. Toka juani."

Sijui alisikia nini sautini mwangu, lakini tabasamu lilimtoka, akaruka kando. Mzee hakujali. Kipimo kilikuwa kimeshatimia. Aliuweka uzi kinywani, akaukata kwa meno.

Nikamfuata. Nikamwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Mzee, nakuomba huo uzi."

Akainua uso. Jua la machweo lilikuwa linampiga machoni moja kwa moja, naye hakupepesa.

"Jogoo mmemla wenyewe," akasema.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mwenye duka anayekwambia mkate umekwisha. Akaukunja uzi, akausukuma katika ufa chini ya jiwe la pembe, akapiga chokaa juu yake kwa mwiko. Jua likazama. Akazunguka nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta ule hakuna njia. Kuna genge tu, na chini kabisa, bahari.

Nilijitupa pale kwenye ufa nikachimba kwa kucha. Chokaa niliyoiona ikipakwa sasa hivi ilikuwa kavu, ngumu, imeota kuvu, kama iliyokaa pale tangu enzi za Wafranki, wale wavamizi wa kale walioijenga ngome. Rinio aliniinua. Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu, na yeye akawa ananibembeleza mimi.

Thrasos aliporudi nilimweleza mlangoni, kabla hajavua koti. Hakucheka. Alipanda na nyundo na tindo, akarudi na tindo lililopinda. Kesho yake akamwambia mhandisi kwamba yeye hataweka tena jiwe pale. Mhandisi akaleta mafundi wengine. Ukuta ukapanda vizuri ajabu, mhandisi akaanza kutembea kifua mbele na kuniambia kwamba siri ilikuwa mchanganyiko wa mchanga. Nilimmiminia kahawa. Kuna watu ukiwajibu unajipunguzia siku.

Na Rinio akaanza kupungua.

Kwanza chakula, kisha usingizi, kisha ile sauti yake inayosikika kutoka juu ngomeni hadi chini mkahawani. Daktari wa mjini alimpima kila kinachopimika, akasema ni mzima, ale nyama. Padri akaja na maji ya baraka. Rinio mwenyewe aliendelea kunitania, ati nimezeeka vibaya, ati nikome kumtazama kama mkate ulio jikoni. Mama yake alimwacha mchanga, mimi ndiye niliyemlea, sikuolewa na sikujuta. Nampenda kuliko pumzi yangu. Naliandika hivi hivi, bila kulipamba.

Kwa hiyo kila jioni nilianza kupanda mwenyewe. Nilimwambia Rinio apumzike, nitafunga lango mimi. Nilisimama mbele ya ile pembe, mgongo kwa jua, nikimwita mtu nisiyejua jina lake. Jioni nyingi sikupata jibu ila upepo. Wageni waliochelewa walinipiga picha.

Jioni moja mbuzi wakanyamaza.

Harufu ya chokaa ikaja. Sikugeuka.

"Unataka nini, mama?" akauliza nyuma ya bega langu.

"Nipime mimi. Msichana mwachie."

Akapita mbele yangu. Akatazama nyasi.

"Kivuli chako kifupi."

"Ngoja jua lishuke," nikamwambia. "Kitarefuka."

Nadhani alicheka. Kitu fulani kilikwaruza kifuani mwake. Tukangoja pamoja, mimi na yeye, kama watu wawili wanaongoja basi. Kivuli changu kikatambaa kwenye nyasi, kikapita mawe, kikafika kwenye pembe. Ndipo akapiga magoti.

Uzi haukunigusa, uligusa nyasi tu. Lakini niliusikia. Kisiginoni, gotini, kiunoni... Ulipofika shingoni nilifumba macho, nikaliita jina la Bikira Maria mpaka niliposikia meno yakikata.

Akausukuma uzi ukutani. Jiwe lile ambalo nyundo ya kaka yangu haikulitikisa lilimfungukia kama droo ya kabati. Akapiga chokaa.

"Na wa msichana?" nikauliza. "Umeutoa?"

Akapangusa mwiko kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mzee. Wa msichana umeutoa?"

Jua likazama, nikabaki peke yangu naongea na ukuta.

Asubuhi yake Rinio aliamka akaomba mayai. Akala, akaomba mengine. Nikalia jikoni kwa furaha, nikasingizia kitunguu. Siku zikaenda, rangi ikamrudia, akaanza tena kuwafokea wageni wanaokalia kuta. Mimi nguo zangu zikaanza kunipwaya, lakini hilo nililitegemea, na Thrasos nikamwambia ni uzee. Nilijua nimenunua nini.

Ila sikumwona akitoa ule wa kwanza. Nimerudia kichwani kila alichofanya kwa mikono yake, nimerudia mpaka nimechoka. Aliingiza. Kutoa, sikumwona akitoa.

Arobaini ya Rinio inatimia leo jua likizama. Ya kwangu bado. Nimefunga mkahawa mapema na kumwambia akae nami hapa barazani tuchambue dengu, na yeye, mtoto mwema, hakuuliza kwa nini. Lango la ngome nimeliacha wazi. Asubuhi alikuwa mzima. Mchana alikula sahani nzima.

Jua limegusa maji sasa hivi. Rinio ameacha kuchambua, ameweka mikono mapajani na kutazama juu mlimani, kama mtu aliyeitwa.

"Shangazi," ameniambia, "mbona leo kuna baridi hivi?"

Nimevua shali yangu nikamfunika mabegani, nikamwambia ni upepo wa baharini. Hakuna upepo. Nimemshika mkono, nao wake ni wa baridi na wangu ni wa baridi, na sijui ni yupi kati yetu anayempa mwenzake baridi hiyo.