Spika Inayotafuna

Haya yalimkuta rafiki yangu, mwandika programu, na mpaka leo ukimwekea wali anasukuma sahani.

Alikuwa amejifungia chumbani, mapazia yameshushwa, akijaribu kijiprogramu chake kipya cha kupeleka data ghafi kwenye kadi ya sauti. Chenyewe hakiulizi: ukikipa faili lolote, kinalicheza kama sauti. Kwa haraka zake akabofya picha badala ya wimbo. Picha ya marehemu baba mkwe wake akiwa mezani na sahani ya wali, mzee aliyekuwa akitafuna kwa kelele hadi wajukuu wanahama meza.

Alitarajia mkwaruzo tu, kama redio iliyopoteza stesheni. Badala yake, spika ikaanza kutafuna.

Ilitafuna mdomo wazi, mate yakichapachapa, kisha ikafyonza meno: fyuu!

Mkewe akaita kutoka jikoni. "Mume wangu, nani anakula huko kama baba?"

"Hakuna mtu! Ni kompyuta tu!"

Akafunga programu. Kutafuna kukaendelea. Akang'oa nyaya zote za spika, akaikumbatia ili kuiziba. Pakawa kimya kidogo gizani, halafu ukasikika mmezo mmoja mzito, na mcheuo.

Mkewe akaingia, akawasha taa. Rafiki yangu alikuwa bado ameikumbatia spika, majimaji ya uvuguvugu yakimchuruzika vidoleni. Kitambaa cha spika kilikuwa kimelowa chepechepe, na katikati yake zimenata punje za wali, zimetafunwa nusu.