Stoo Nyuma ya Pazia la Kitenge

Jumamosi asubuhi Georgina alifagia uwanja wa nyumba yao kijijini Kanazi, kama alivyofanya kila wiki. Mdogo wake Avit, mtoto wa miaka minne, alimfuata kwa nyuma na kifagio chake kidogo, akiyarudisha majani makavu ya migomba pale pale yalipotolewa.

"Avit, unanisaidia au unaniongezea kazi?" Georgina aliuliza.

"Nakusaidia!" Avit alijibu, akazidi kuyatawanya.

Siku hiyo kila mtu alikuwa na shughuli. Kesho yake, baada ya ibada, Shangazi Consolata na mumewe wangekuja kutoka Kitendaguro, Bukoba mjini, kula nao chakula cha mchana. Baba yao, mzee Mutembei, ambaye watoto walimwita Tata, alikuwa amekwenda kukata nyasi laini za kutandika sebuleni. Mama Ephrasia alikuwa kwenye kibanja, kati ya migomba na mikahawa, akichagua mkungu mzuri wa ndizi. Kabla ya kutoka alimwita Georgina.

"Wewe leo kazi yako ni stoo. Mimi nikitafuta chumvi humo napata kamba ya mbuzi. Ipange vizuri, mwanangu, ili mtu akitaka kitu akione."

"Sawa, Mama."

Stoo yao kilikuwa chumba kidogo kilichopakana na jiko, na hakikuwa na mlango. Majembe yaliegemea gunia la maharage. Sufuria zilipandana juu ya ndoo ya unga, na mabuti ya mvua yalilala kando ya kikapu cha vitunguu. Georgina alianza kwa moyo. Alitoa majembe nje, akafuta ndoo, akafagia pembe moja. Lakini kila alipoondoa kitu kimoja, nyuma yake alikuta vingine vingi.

Alikuwa bado anahangaika wakati rafiki yake Joyness alipochungulia kwenye mlango wa jiko.

"Georgina, bado tu? Mwalimu wa kwaya ameshafika. Tunaanza mazoezi!"

"Sijamaliza. Ona mwenyewe."

Joyness aliangalia, akacheka. "Kwa nini usiweke pazia? Sisi nyumbani tuliweka. Nani atachungulia nyuma yake?"

Wazo lile lilimfurahisha Georgina. Haraka haraka aliyarudisha majembe ndani, akasukuma kila kitu ukutani, kisha akatundika kitenge cha njano chenye maua mekundu. Jiko lilibadilika mara moja, likapendeza. Kitu kimoja tu kiliharibu sura yake. Juu kabisa ya ukuta, karibu na bati, palikuwa na chupa ya plastiki iliyojaa vumbi, nayo ilionekana juu ya pazia. Georgina alipanda kwenye kigoda, akaishusha. Ilikuwa chupa ya mafuta ya kupikia, na ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya manjano. Aliifuta vumbi, akaiweka chini pamoja na chupa nyingine za mafuta. Wakaondoka mbio kwenda kwenye kwaya.

Jioni Mama alisimama jikoni akitabasamu. "Kumbe una mkono mzuri hivi! Shangazi yako atapenda."

Georgina alifurahi, ingawa hakutaka Mama alisogeze lile pazia. Kwa bahati, Mama alikuwa na ndizi za kumenya.

Jumapili wageni walifika wakiwa wamevaa nguo zao za ibada. Tata aliwakaribisha sebuleni, akawapa kahawa za kutafuna, na mazungumzo yakaanza. Shangazi Consolata hakukaa sana. Alivua viatu, akajifunga kanga, akaingia jikoni kumsaidia wifi yake.

"Jiko zuri!" alisema. "Nani ameweka pazia hili?"

"Binti yako huyo," Mama alijibu. "Georgina, nipe mafuta nikaange samaki."

Georgina alipenyeza mkono nyuma ya pazia bila kuangalia, akashika chupa, akampa. Mama alifungua kizibo huku akiendelea kuongea. Aliinamisha chupa juu ya kikaango, kisha akasimama ghafla kama aliyeguswa na moto.

"Hii harufu gani?" Alirudisha kizibo upesi. "Haya si mafuta! Baba Georgina! Njoo huku!"

Tata alikuja, akanusa kwa mbali, uso wake ukabadilika. "Hii ni dawa ya kuua wadudu wa mikahawa. Imemwagika?"

"Hata tone."

"Mungu ashukuriwe. Nenda ukanawe mikono kwa sabuni." Aliitoa ile chupa nje, akarudi. "Dawa hii niliiweka juu kabisa, karibu na bati. Nani ameishusha?"

Jiko zima lilimgeukia Avit. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na kiti wala meza ambayo Avit hakuwahi kuipanda.

"Si mimi, Tata," Avit alisema.

Georgina alimtazama mdogo wake. Angenyamaza, wote wangeamini kuwa ni Avit, na yule mtoto angesahau kabla ya jua kuzama. Lakini alipomwona akijificha nyuma ya kanga ya Mama, hakuweza.

"Ni mimi, Tata. Niliishusha kwa sababu ilionekana juu ya pazia. Nilidhani ni mafuta. Na stoo sikuipanga, Mama. Nilisukuma vitu tu, nikavifunika."

Alilivuta pazia mwenyewe. Jembe moja lilianguka, likabingirisha vitunguu mpaka miguuni mwa Shangazi.

Georgina alisubiri kugombezwa. Tata aliliinua lile jembe, akaliegemeza ukutani.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Lakini kosa la kwanza ni langu. Kopo la dawa lilipasuka, nami nikaimimina kwenye chupa ya mafuta. Hata mtu mzima angekosea. Sikupaswa kufanya hivyo, wala kuiweka ndani ya nyumba."

Shangazi Consolata aliokota vitunguu. "Basi tule kwanza," alisema. "Mafuta salama yapo? Yanuseni kabla ya kumimina!"

Walicheka, na samaki wakakaangwa.

Kesho yake asubuhi Tata aliipeleka ile chupa kwa bwana shamba, amwelekeze namna salama ya kuiondoa. Aliporudi alitengeneza sanduku lenye kufuli, akalipigilia kwenye banda la nje. Tangu hapo kila dawa mpya ya shamba ilikaa humo ndani ya kopo lake lenye maandishi.

Baada ya shule Joyness alikuja kusaidia, maana alijua pazia lilikuwa wazo lake. Walitoa kila kitu nje. Tata alitengeneza rafu kwa miti ya mikaratusi, wao wakapaka ukuta chokaa mpaka chumba kikang'aa. Gunia la maharage waliliweka juu ya chaga ili lisishike unyevu. Majembe na mapanga yalihamia bandani. Chumvi, unga na mafuta vilikaa rafu ya katikati, mahali ambapo mkono wa Mama unafika bila kunyanyuka, na vitunguu vikatundikwa ndani ya vikapu. Vitu vya sikukuu vilikwenda juu. Rafu ya chini kabisa alipewa Avit aweke mabuti na mpira wake, naye akawa anawaonyesha majirani wote.

"Na kitenge?" Joyness aliuliza.

Georgina alikikata vipande virefu, akavipigilia kwenye kingo za rafu. Maua mekundu yalipendeza juu ya chokaa nyeupe kuliko yalivyopendeza mwanzo.

Mama alirudi kutoka shambani, akaingia kupika. Alinyoosha mkono, akapata chumvi. Akanyoosha tena, akapata mafuta. Ndizi zilipoiva akawaita wasichana wote wawili.

"Juzi niliusifu uzuri ambao sikuuangalia vizuri," alisema. "Kupanga nyumba si kuficha vitu wageni wasivione. Ni kukipa kila kitu mahali pake, kinachotumika kiwe karibu, kinachodhuru kiwe mbali na chakula na watoto. Na mtu akikosea, aseme mapema kama Georgina alivyosema, turekebishe pamoja. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mama," walijibu.

"Haya, Joyness, kaa ule nasi. Ndizi zimeiva."