Wimbo wa Kuoshea Vyombo

Kila jioni, kazi ya Chiriku ilikuwa kuosha vyombo. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, beseni la sabuni mbele yake na la kusuuzia pembeni, akasugua huku akijisemesha peke yake. Hilo la kusema ndilo lililompa jina. Hata mwalimu wake wa darasa, alipochoka kumnyamazisha, alimwita Chiriku kama wenzake.

Zamani kazi hiyo haikumchosha. Dada yake alikuwa akikaa pale mlangoni na tarumbeta, akimpigia wimbo aliouunda mwenyewe, wenye mwendo wa haraka kwa sahani na wa polepole kwa masufuria yenye ukoko. Wimbo ulipofika mwisho, vyombo navyo vilikuwa vimekwisha. Kisha Dada akapata kazi kwenye bendi ya mji wa mbali, akaondoka na tarumbeta lake. Vyombo vikabaki palepale. Chiriku alijaribu kuuimba ule wimbo kwa mdomo, lakini wapi! Haukuwa ule.

"Mama, hivi Dada atakuja lini?" aliuliza, kama alivyouliza jana na juzi.

"Akipewa likizo," alijibu mama bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, na siku hizo alikuwa na gauni la bibi harusi lisilotaka mchezo. "Ukiniuliza tena nitakushona huo mdomo."

Dada alikuja wakati shule zimefungwa. Alikuwa na begi begani, sanduku la tarumbeta mkononi, na shavu moja limetuna. Chiriku alimrukia shingoni.

"Taratibu, mdogo wangu! Jino!"

Lilikuwa gego la mwisho, lile linaloota mtu akishakuwa mkubwa. Lilikosa nafasi, likaota limelala ubavu, likawa linamsukuma jirani yake na kuiumiza fizi. Dada alikuwa amekuja nyumbani ling'olewe, apumzike kidogo, kisha arudi kazini.

Asubuhi ya kwenda kwa daktari wa meno, mama hakuweza kuliacha gauni. "Nenda na dada yako," alimwambia Chiriku. "Mtu mwenye woga hasikii anachoambiwa. Wewe ukawe masikio yake."

Ni kweli Dada aliogopa. Yeye aliyezoea kusimama mbele ya ukumbi uliojaa watu, siku hiyo alimshika mdogo wake mkono kwa vidole vya baridi.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na hakuwa na haraka. "Nitakuchoma sindano ya ganzi," alimweleza Dada. "Hiyo itauma kidogo. Baadaye hutasikia maumivu, ila utasikia nasukuma, na pengine utasikia kitu kikivunjika. Usishtuke. Jino lako limelala, kwa hiyo nitalikata nilitoe vipande vipande, halafu nishone fizi. Ukisikia maumivu, inua mkono nami nitasimama."

Dada aliitikia kwa kichwa na kufumba macho. Chiriku, kwenye kiti cha pembeni, alifumba yake pia. Alipoyafumbua kazi ilikuwa imekwisha, na Dada alikuwa ameuma kipande cha shashi kuzuia damu.

"Haya, masikio njoo hapa," daktari alisema. "Leo asisukutue wala asiteme kwa nguvu. Mwekee barafu shavuni, uifunge kwenye kitambaa kwanza. Ale vitu laini vilivyopoa, kama mtindi na viazi vya kuponda, na asinywe kwa mrija. Kesho aanze kusukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Uvimbe utaongezeka kabla ya kupungua, na mdomo utakuwa mzito kufunguka. Hiyo ni kawaida. Lakini damu isipokoma, au akipata homa, au maumivu yakizidi badala ya kupoa, mrudi hapa haraka."

"Na tarumbeta?" Chiriku aliuliza.

"Ahaa, anapiga tarumbeta!" Daktari alivua miwani. "Pale jino lilipotoka damu itaganda. Hiyo damu ndiyo kifuniko cha kidonda. Akifyonza au akipuliza kwa nguvu, kifuniko kitatoka. Asiliguse tarumbeta kwa wiki mbili, na hata hapo akaguliwe kwanza."

Wiki mbili! Likizo ya Dada isingefika huko. Miezi yote ile Chiriku alisubiri wimbo mmoja tu, na sasa Dada angeondoka bila kuupiga.

Nyumbani, ganzi ilikuwa bado haijaisha. "Amechema nini?" Dada aliuliza, mdomo umekwenda upande. Mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Chiriku alieleza kila kitu: barafu, mtindi, mrija, maji ya chumvi. Hakusahau hata moja.

"Na talumbeta?"

"Mpaka uvimbe ushuke," alisema Chiriku.

Neno lilimtoka lenyewe. Alikuwa na nafasi ya kulirudisha, na hakulirudisha.

Alimuuguza Dada vizuri, hilo asinyimwe. Alifunga barafu kwenye kitambaa, akaponda viazi mpaka vikawa laini kabisa, akapoza uji kwa kuukoroga. Shavu lilivimba kama daktari alivyosema, na Dada hakuweza kuzungumza sana wala kucheka. Alilala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao, na bado Chiriku alimkumbuka kama vile hajafika. Kila asubuhi alilikagua lile shavu.

Siku uvimbe ulipoanza kushuka, alikuwa wa kwanza kuuona.

"Dada, shavu limepungua."

"Naona macho yako yamehamia kwenye sanduku," Dada alisema, akitabasamu kwa upande mmoja. "Haya, lete vyombo. Lakini nusu ya wimbo tu, bado pananiuma."

Alikaa mlangoni, pale pale pake. Sauti ilipotoka, Chiriku alitumbukiza mikono kwenye beseni. Huo ndio ulikuwa wimbo wenyewe! Alisugua sahani mbiombio, povu likaruka mpaka kwenye nyusi, mama akaja kuchungulia na utepe wa kupimia shingoni. Walipofika kwenye sehemu ya sufuria, Dada alisimama ghafla. Alishika shavu, akatema mate kwenye kitambaa. Yalikuwa na damu.

Kesho yake maumivu yalipanda mpaka sikioni. Dada hakuweza kula hata mtindi. Mama aliliacha gauni la watu chini ya sindano, wakaenda kwa daktari wote watatu.

Daktari alimulika taa mdomoni. "Kifuniko kimetoka, mfupa umebaki wazi. Ndiyo maana panauma hivi. Ulipuliza?"

"Kidogo tu. Uvimbe ulikuwa umeshapungua."

"Mbona nilisema wiki mbili?"

Dada alimtazama Chiriku. Kisha akatazama pembeni. "Labda sikuelewa, daktari. Nilikuwa naogopa."

Yangeweza kuishia hapo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chiriku aliona kunyamaza ni rahisi. Lakini Dada alikuwa bado ameshika shavu, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Alielewa," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Nilimwambia mpaka uvimbe ushuke. Nilitaka anipigie wimbo wetu kabla hajaondoka." Kisha akaanza kulia kwa sauti.

Daktari hakumkemea. Alikisafisha kidonda, akaweka dawa ndani, na baada ya muda Dada akashusha pumzi. Ndipo daktari akamgeukia Chiriku.

"Kumkumbuka dada yako si kosa, mwanangu. Ila yeye alikukabidhi masikio yake. Mgonjwa akiletewa maneno yaliyobadilishwa, anajiumiza akidhani anajitibu. Ukweli ungekukosesha wimbo kwa siku chache. Uongo umemkosesha usingizi, na sasa tunaanza kuhesabu upya."

Dada aliondoka likizo ilipokwisha, sanduku limefungwa. "Nimekukasirikia," alimwambia Chiriku wakiagana, "lakini si sana. Ungeniambia tu kwamba umeukumbuka, ningetafuta njia."

Jioni zilizofuata, Chiriku aliosha vyombo kimya, mpaka majirani wakauliza kama anaumwa.

Ikawa siku moja, mama akatoka na simu, akaiongeza sauti na kuiweka pale mlangoni. Hakukuwa na habari gani wala hujambo. Tarumbeta lilianza moja kwa moja. Chiriku alirukia sahani. Wimbo ulipopungua mwendo, naye akashika sufuria, na safari hii hakuna aliyesimama katikati.

"Dada! Daktari amekuruhusu kweli?"

"Daktari wa huku amenikagua leo. Kidonda kimefunga."

"Umeona?" alisema mama, akikaa kwenye ngazi. "Wimbo haukukimbia. Mwenye haraka ulikuwa wewe."

Chiriku alifuta mikono kwenye gauni lake. "Dada, urudie."

"Kwani vyombo havijaisha?" Dada aliuliza.

Chiriku alitazama beseni. Ndani mlikuwa na maji na povu tu.

"Vimeisha vyote," alisema. "Ila nimekukumbuka."

Upande wa pili wa simu Dada alicheka. Kisha tarumbeta likaanza tena, tangu mwanzo.