Kasia la Orpa

Jua lilikuwa linaelekea kuzama na mitumbwi ya wakimbizi wa Kivu ya Kusini, Kongo, bado ilikuwa katikati ya ziwa Nakivale, Uganda. Yalikuwa matembezi tu. Kila mwaka baada ya mavuno ya maharage walikodi mitumbwi, wakafunga maturubai yakawa matanga, wakazunguka ziwa wakiimba nyimbo za kanisani, ili watoto waliozaliwa ukimbizini wajue kwamba wazazi wao walikuwa watu wa maji. Wazee nao walipata siku ya kutia chumvi, kila mmoja akijifanya ndiye aliyekuwa fundi wa tanga kule ziwa Tanganyika.

Eugénie hakuimba. Miguuni pake palikuwa na kasia dogo lililofungwa kwenye kitenge.

Alilichongesha mjini Mbarara, kwa seremala mmoja wa mtaa wa Nyamitanga. Yule bwana alilipima kwa macho, akacheka. "Mama, hii ni mwiko wa kugeuza posho ya shule?" Eugénie alilichukua akaondoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Walipokimbia vita mwaka wa tisini na nane, mitumbwi yao ilipita kati ya visiwa vya mawe vya Tanganyika, ikatia nanga kwenye kimoja ili watu wapumzike. Risasi zikaanza. Kila mtu akarukia mtumbwi uliokuwa karibu. Orpa, binti mdogo wa Eugénie, alikuwa amelala upande wa pili wa jiwe. Eugénie alidhani mumewe, Léopold, amembeba. Léopold alidhani yuko na mama yake. Kulipokucha ndipo mitumbwi ilipokutana, wakatazamana, wote wawili mikono mitupu, na nyuma yao hapakuwa na njia ya kurudi.

Watu wa maji yale wana desturi yao. Aliyefia ziwani huachiwa kasia juu ya jiwe, roho yake ipige kasia iende kwao, isiwafuate walio hai. Ukishaliweka unaondoka kimya. Ukiitwa, hujibu, maana ukijibu roho itakufuata.

Orpa hakuachiwa kasia. Na tangu wafike Nakivale, kila mvua iliponyesha, Eugénie alisikia mtoto akilia kwenye mafunjo. Alitaka mwanawe apumzike. Hilo tu. Nakivale haina visiwa vya mawe, kwa hiyo alikusudia kuliweka kasia juu ya mafunjo na kumwomba Mungu alipokee hivyo hivyo.

Upepo ukafa.

Matanga yakalegea. Nyimbo kwenye mitumbwi mingine zikasikika kwa mbali, kisha hazikusikika tena. Ikaja harufu... si ya tope wala ya samaki. Harufu ya mawe yenye ukungu. Na baruti.

"Léopold," Eugénie alinong'ona. "Unasikia ile arufu?"

Mbele yao mawe yakainuka kutoka majini. Meusi. Makubwa. Moja, na jingine nyuma yake.

Kezironi, mwenye mtumbwi, askari mstaafu wa kambi ya Mbarara, aliacha kupiga kasia. "Hii ziwa haina mawe," alisema. "Mimi nilizaliwa hapa. Haina!"

Léopold alikuwa amelitambua jiwe la mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ni lile," alisema. "Mungu wangu, ni lile lile."

Mtumbwi ukagonga jiwe.

Eugénie akafungua kitenge, akalilaza kasia juu ya jiwe kwa mikono miwili, taratibu, namna anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Gizani kikatoka kiganja kidogo kilicholowa. Kikalishika.

"Twende," Léopold alinong'ona. "Usimujibu. Nakuomba, Eugénie, usimujibu."

"Mama?"

Sauti ile ile. Haikukua hata siku moja.

"Mama... nende wapi? Kwetu ni wapi?"

Kwao? Nyumba yao ilichomwa. Bibi yake alizikwa pasipojulikana. Shamba lina watu wengine. Desturi ilitungwa na watu waliokuwa na kwao, na moyo wa Eugénie ukapasuka. Utamtumaje mtoto kwenye majivu?

"Kuya kwangu, mwanangu," akajibu. "Fwata moto wangu."

Upepo ukarudi kwa kishindo. Mawe hayakuwepo. Watu wa mitumbwi mingine waliapa kwamba waliona mafunjo tu, na Eugénie ameinamia maji. Lakini kasia lilikuwa limekwenda, na mtumbwi wa Kezironi ulikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Kezironi hakuwakodishia tena.

Tangu hapo, kila jioni Eugénie aliwasha moto mbele ya nyumba. Na kila jioni kasia lilisikika ziwani. Chubwi... chubwi... Likakaribia mpaka kwenye mafunjo, likakoma. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Orpa hakufika.

Kisha jina la familia likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishwa: wanapelekwa Ulaya, kwenye baridi, wakaanze upya. Léopold alifungasha. Junior, mtoto wao aliyezaliwa Nakivale, alifungasha. Eugénie aligoma.

"Akikuta moto umezima, atauliza nani?"

Junior alimshika mkono mlangoni mwa basi, kijana mrefu analia mbele za watu. "Na miye, Mama? Miye si mutoto wako?"

Alikuwa mtoto wake. Alimpenda mpaka mifupa ilimuuma. Alimkumbatia, akamwachia, na basi likashika njia ya Mbarara. Eugénie akarudi kupuliza moto.

Jioni ile kasia halikukoma kwenye mafunjo. Chubwi... chubwi... kisha nyayo ndogo, zenye maji, zikipanda kilima. Eugénie alifumba macho na kufungua mikono. Harufu ya mawe ikamfikia. Kitu baridi kikapita karibu na goti lake.

Kikapita.

Alipofumbua macho, kasia dogo lilikuwa limeegemezwa ukutani, linachuruzika. Nyayo zilikuwa zimeuzunguka moto, zikavuka ua, zikashika barabara, juu kabisa ya alama za matairi ya basi.

"Orpa!" alipiga kelele, akikimbia. "Orpa, niko huku! Mama iko huku!"

Barabarani hapakuwa na mtu. Nyayo ziliendelea mbele, na kila hatua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, kama hatua za mtoto anayemkimbilia baba yake asiachwe tena.